Utafiti katika Chuo Kikuu cha Umma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakazi wa Dodoma na Kanda ya Kati

Maswali haya ni yale ambayo wahadhiri, wanafunzi wa uzamili na maofisa ugani huulizwa wanapofika vijijini, wanapokaa na madiwani, na hata wanapopanda daladala ya kwenda Chimwaga, kilipo Chuo Kikuu cha Dodoma. Majibu yameandikwa kwa ajili ya msomaji ambaye si mtafiti lakini ambaye kodi yake inalipia utafiti, na ambaye pengine amewahi kujaza dodoso bila kujua lilikoishia.

Kazi ya chuo kikuu si kufundisha? Kwa nini wahadhiri wanapewa muda wa kufanya utafiti?

Chuo kikuu cha umma kina kazi tatu: kufundisha, kutafiti, na kuihudumia jamii, ikiwamo kutoa ushauri elekezi. Kazi hizo zinategemeana. Mhadhiri asiyetafiti huishia kusoma notisi alizoachiwa na mwalimu wake, na mwanafunzi anayefundishwa kilimo hapa Dodoma kwa mifano ya mashamba ya Ulaya atahitimu akijua mambo mengi yasiyomfaa mkulima wa Bahi, ambako mvua ni ya msimu mmoja, huanza kati ya Novemba na Desemba, na inaweza kukatika wiki tatu katikati ya Februari mtama ukiwa unatoa masuke. Maarifa ya kumfundishia mwanafunzi huyo hayapo tayari kitabuni. Lazima mtu ayatafute mahali penyewe, na mtu huyo kwa kawaida ni mwalimu wake.

Ipo pia sababu ya kiutumishi. Kupanda ngazi kutoka mhadhiri msaidizi hadi mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na hatimaye profesa kunategemea kwa kiasi kikubwa machapisho ya kitafiti. Utaratibu huu una faida zake na una madhara yake, na tutayarudia.

Utafiti wa chuo kikuu unatofautianaje na ule wa taasisi kama TARI au NIMR?

Taasisi za utafiti zimeundwa kisheria kwa eneo maalumu. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, yaani TARI, ina kituo cha Makutupora kinachoshughulikia zabibu na kituo cha Hombolo kinachoshughulikia mtama na uwele. Taasisi ya Utafiti wa Mifugo ina kituo Mpwapwa, mji ambao utafiti wake wa mifugo ulianza enzi za Wajerumani, na ambao umeipa jina lake aina ya ng'ombe iliyozalishwa kituoni hapo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, inashughulikia afya. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini ina makao yake hapa hapa Dodoma.

Chuo kikuu hakifungwi na eneo moja namna hiyo. Mtaalamu wa maji, mwanauchumi, daktari na mwanahistoria wanaweza kulitazama tatizo moja kutoka pande nne, wakiwa wanalipwa na mwajiri mmoja. Tofauti nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa, ni kwamba chuo kikuu huzalisha watafiti wenyewe. Wengi wa wanaofanya kazi Hombolo na Makutupora walijifunza mbinu za utafiti katika chuo fulani cha umma.

Chuo Kikuu cha Dodoma kina nini cha kuchangia ambacho vyuo vya zamani havina?

Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, kikaanza na ukumbi wa Chimwaga uliokuwa wa chama tawala, na kikapewa eneo la takribani hekta 6,000 kwa mpango wa kufikia wanafunzi 40,000. Kabla ya hapo, maswali kuhusu ukame wa Chamwino au makorongo ya Kondoa yalijibiwa zaidi na watafiti waliotoka Dar es Salaam, Morogoro au ng'ambo, ambao walikuja kiangazi barabara zikipitika na kuondoka kabla ya masika. Mtafiti anayeishi Dodoma anaiona misimu yote miwili. Hilo linaonekana dogo, lakini tafiti nyingi za nchi kame zimepotoka kwa sababu takwimu zake zilikusanywa Julai na Agosti pekee, wakati ghala za familia zina chakula.

Tangu Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, chuo pia kimejikuta jirani na wizara zilizoko Mtumba, Bunge, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Umbali si kisingizio tena. Kama matokeo ya utafiti hayamfikii mtunga sera leo, tatizo haliko kwenye nauli.

Je, kuna ushahidi kwamba kukosa utafiti kumewahi kuliletea eneo hili hasara?

Upo, na uko Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na Serikali yake ikabuni mpango wa kulima karanga kwa matrekta katika zaidi ya ekari milioni 3 za Afrika Mashariki na Kati, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Ujumbe uliotumwa mwaka 1946 kuangalia ardhi ulizunguka kwa wiki chache tu. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Visiki vya vichaka vikavunja majembe ya matrekta, na udongo wenye mfinyanzi mwingi, ambao mvua ikinyesha hulainika, ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, karanga zikawa zimefungiwa chini kwa namna ambayo mashine haikuweza kuzitoa. Mvua nayo haikufuata makadirio ya London. Mwaka 1951 mpango uliachwa baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni.

Kinachouma katika kisa hiki ni kwamba sehemu ya majibu ilikuwepo. Wagogo walikuwa na sababu za kulima uwele na mtama na kufuga ng'ombe katika ardhi ile, na takwimu za mvua za miaka mingi zaidi zingeonyesha jinsi misimu inavyopishana. Hakuna aliyetulia kuuliza kwa muda wa kutosha. Sehemu ya ardhi ile leo ni Ranchi ya Kongwa, matumizi ambayo mfugaji yeyote wa pale angeyapendekeza tangu mwanzo bila kudai posho ya ushauri elekezi.

Kwa nini utafiti huchukua miaka mingi hivyo? Majibu yanahitajika sasa.

Kwa sababu mambo mengine hayajitokezi kila mwaka. Mfano ulio karibu zaidi ni maji ya kunywa ya jiji letu, ambayo kwa miongo mingi yametegemea visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora. Tangu miaka ya 1950, watumishi wa maji wamekuwa wakipima na kuandika kina cha maji katika visima vya bonde hilo. Ni kazi isiyo na sifa: mtu anashusha kamba, anaandika namba, anaondoka. Watafiti kutoka Tanzania na Uingereza walipoikusanya kumbukumbu hiyo ya miaka 55 na kuilinganisha na mvua, katika matokeo waliyochapisha mwaka 2013, walionyesha kwamba maji ya ardhini ya Makutupora hayaongezeki kidogo kidogo kila masika kama wengi walivyodhani. Hujazwa hasa katika misimu michache ya mvua kubwa kupita kawaida, ambayo mingi huambatana na El Niño, kama ile ya 1997/98. Kati ya msimu mmoja wa namna hiyo na mwingine, jiji linaishi kwa akiba inayopungua.

Sasa fikiria mradi wa miaka miwili. Ungeanza mara baada ya mvua za 1998, ungehitimisha kwamba maji ni tele na jiji lijengwe bila wasiwasi. Ungeanza miaka kadhaa baadaye, ungetangaza kwamba bonde linakauka. Hitimisho zote mbili zingetokana na vipimo sahihi, na zote mbili zingepotosha. Ndiyo maana mtafiti makini anapoomba muda (na hapa ndipo wahasibu wa miradi hukunja uso) anaomba kitu ambacho matokeo hayawezi kupatikana bila yake. Kwa jiji ambalo katika sensa ya 2022 lilikuwa na watu zaidi ya 765,000 na ambalo linapokea watumishi na wafanyabiashara wapya kila mwezi, kujua maji yanaingia ardhini lini na kupitia wapi ni jambo la kupanga viwanja na si la kujazia maktaba. Mabonde ya mito ya msimu ambayo maji ya mvua kubwa huzamia yakijengewa nyumba, pampu kubwa zaidi haitarudisha kilichopotea.

Jambo la pili linalojitokeza hapa ni kwamba ugunduzi ule ulitegemea watu ambao majina yao hayajulikani, walioandika namba kwa uaminifu kwa zaidi ya nusu karne. Chuo kikuu cha umma kina wajibu wa kutunza kumbukumbu za aina hiyo hata pale ambapo hakuna mfadhili anayezitaka kwa sasa.

Mkulima au mama wa kijijini amefaidika nini na utafiti?

Katikati ya mwaka 2016, familia kadhaa za mikoa ya Dodoma na Manyara zilianza kuugua ugonjwa uliowachanganya waganga: macho ya manjano, tumbo kujaa, kutapika, na baadhi kufa ndani ya muda mfupi. Wagonjwa 68 walithibitika kuhusika, na 20 kati yao walifariki. Wachunguzi wa ndani na nje ya nchi walilinganisha kaya zenye wagonjwa na kaya jirani zisizo na wagonjwa, wakapima damu na mahindi yaliyokuwa ndani ya nyumba, na wakakuta sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu, kwa viwango vikubwa katika mahindi yaliyohifadhiwa nyumbani. Bila ulinganisho huo, maelezo ya kulogwa yangetosha kijijini, na maelezo ya homa ya ini yangetosha hospitalini.

Ushauri uliojengwa juu ya tafiti za sumukuvu ni wa vitendo: kukaushia mahindi na karanga kwenye turubai badala ya chini, kuchambua punje zilizovunjika au kubadilika rangi, kuhakikisha nafaka imekauka barabara kabla ya kufungwa, na kutumia mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa. Na neno moja ambalo bado halijawafikia wengi: kupika ugali kwa muda mrefu hakuondoi sumukuvu. Punje zilizotengwa kwa kuwa mbovu zisipelekwe kwenye pombe wala kwa kuku.

Kongwa hiyo hiyo ya karanga ilikuja kuwa mahali pa utafiti wa ugonjwa wa vikope, unaoweza kupofusha macho. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Tanzania na wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walifuatilia familia katika vijiji vya wilaya hiyo, na jaribio lililochapishwa mwaka 1995 lilionyesha kwamba katika vijiji vilivyohamasishwa kuwaosha watoto nyuso, pamoja na kupewa dawa, vikope vikali vilipungua kuliko katika vijiji vilivyopewa dawa peke yake. Usafi wa uso ni moja ya nguzo za mkakati wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya vikope, pamoja na upasuaji, dawa na usafi wa mazingira. Akina mama wa Kongwa waliokubali kuhesabiwa nyuso za watoto wao walichangia ushahidi unaotumika hadi nchi nyingine.

Kwa upande wa mazao, mkulima ambaye shamba lake la mtama liliingiwa na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, anaweza kuzijua mbegu za Hakika na Wahi, zilizotolewa na watafiti wa kilimo kwa kuwa zinastahimili kiduha. Nayo zabibu nyekundu inayoitwa Makutupora imebeba jina la kituo kilichoitafiti.

Itambulike kwamba mafanikio haya si ya chuo kikuu kimoja. Mengi ni ya wizara, taasisi na vyuo kwa pamoja, na mtu anayekuambia kwamba chuo chake peke yake kimemaliza sumukuvu anatafuta ufadhili.

Utafiti wa lugha, historia na sanaa una faida gani katika nchi yenye matatizo ya maji na chakula?

Swali hili huulizwa kwa dharau kidogo, na utalijibu vizuri ukienda Kolo, Kondoa. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na hilo lisingewezekana bila miongo ya watu kuinakili, kuipiga picha na kuieleza. Wilayani Chemba kuna Wasandawe, ambao lugha yao ina sauti za kudokoa, zinazotolewa kwa kugonganisha ulimi na kaakaa, ambazo hazimo katika Kigogo wala Kirangi, na ambayo wanaisimu wa dunia nzima huiulizia. Watoto wa huko wanaanza shule kwa Kiswahili ambacho nyumbani hawakizungumzi sana. Mwalimu anayejua hilo hufundisha tofauti na asiyejua.

Nani analipia utafiti? Je, mfadhili ndiye anayeamua matokeo?

Mshahara wa mhadhiri wa chuo cha umma hulipwa na Serikali, kwa hiyo mlipakodi ndiye mfadhili wa kwanza hata kama nembo yake haibandikwi kwenye gari. Fedha za mradi wenyewe, yaani usafiri, vipimo, wasaidizi na maabara, hutoka katika bajeti ya chuo, katika ruzuku zinazotolewa kwa ushindani na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na kwa sehemu kubwa katika mashirika na serikali za nje. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaotokana na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425, umeelekezwa zaidi kwenye majengo, maabara, mitaala na mafunzo ya wahadhiri. Nchi za Umoja wa Afrika zimejiwekea lengo la kutenga angalau asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti na maendeleo, lengo ambalo ni wachache waliolifikia.

Ni nadra mfadhili kuagiza matokeo, kwa kuwa mtafiti anayekubali hilo hupoteza jina lake. Kinachotokea mara nyingi zaidi ni kwamba mfadhili huchagua swali. Maradhi yenye wafadhili hutafitiwa mara kumi, ilhali swali kuhusu bei ya zabibu kwa mkulima mdogo wa Hombolo linasubiri. Hilo si hongo, lakini ni ushawishi, na dawa yake ni fedha za ndani.

Mtafiti akija kijijini kwetu, anatakiwa kuwa na nini mkononi?

Kwa utaratibu uliozoeleka, mtafiti wa chuo huanza na barua ya chuo, akapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ndipo anapofika kwa mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji na kutambulishwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Utafiti unaohusu afya ya binadamu unahitaji pia kibali cha maadili kutoka kamati ya chuo au NIMR. Mtafiti wa kigeni lazima awe na kibali cha COSTECH pamoja na kibali cha ukaazi cha daraja C. Mwananchi ana haki ya kuomba kuona barua hizo, na mtafiti aliyefundwa vizuri hukasirika asipoulizwa.

Ninaweza kukataa kuhojiwa?

Ndiyo, na huna haja ya kutoa sababu. Unaweza pia kukubali, ukafika swali la kumi ukaamua kuacha. Hata mtendaji aliyemleta mgeni kwako hawezi kukulazimisha, na kukataa hakuruhusiwi kukuondolea huduma yoyote, iwe dawa, mbegu au nafasi ya mtoto shuleni. Majibu yako yanatakiwa kuhifadhiwa kwa namba badala ya jina, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawagusa watafiti kama inavyozigusa benki na kampuni za simu.

Je, nitalipwa?

Si mshahara. Kamati za maadili huruhusu fidia ya muda na nauli, au kitu kidogo kama sabuni au sukari, kwa sharti kwamba kisiwe kikubwa kiasi cha kumfanya mtu akubali jambo ambalo angelikataa.

Damu, mkojo na udongo vinavyochukuliwa vinapelekwa wapi?

Wengine huuliza swali hili wakicheka, wengine wakiwa na hofu ya kweli, na watafiti wamekosea sana kwa kuwacheka. Hadithi za mumiani, za watu wanaonyonya damu za wenzao ili kuziuza, ni za zamani katika nchi hii, na zinapata nguvu kila mara gari jeupe lisilofahamika linapoingia kijijini na watu wake wakaanza kuchimba au kudunga bila kujieleza. Oktoba 2016, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha Selian cha Arusha pamoja na dereva wao waliuawa na kundi la watu waliodhani ni wanyonya damu. Walikuwa wanachukua sampuli za udongo.

Hakuna maelezo yanayohalalisha mauaji yale. Lakini kila mkuu wa idara anayetuma vijana vijijini anapaswa kujiuliza kama kitongoji cha mwisho kabisa, na si ofisi ya wilaya tu, kimearifiwa kabla gari halijafika. Kama katika kundi yupo mtu anayezungumza Kigogo, Kirangi au Kisandawe. Na kama mkutano wa hadhara umefanyika ili watu waulize wanachotaka. Siku moja ya kujitambulisha huonekana gharama kwenye bajeti. Ni ya lazima.

Kuhusu swali lenyewe: sampuli za damu na mkojo hupelekwa maabara iliyotajwa katika fomu ya ridhaa, hutumika kwa vipimo vilivyotajwa humo tu, na kuzipeleka nje ya nchi kunahitaji kibali maalumu na mkataba wa uhamishaji wa sampuli. Udongo hupimwa tindikali, chumvi na rutuba. Mwulize mtafiti akutajie maabara kwa jina. Asipoweza, usitoe sampuli.

Kwa nini watafiti huja, huandika, huondoka, na haturudishiwi majibu?

Hili ndilo lalamiko linalosikika kuliko yote, na lina haki. Utafiti bila mrejesho ni deni lisilolipwa. Sababu ya kawaida ni kwamba bajeti humalizika uchambuzi unapokamilika, na mfadhili huhesabu makala iliyochapishwa lakini hahesabu mkutano uliofanyika chini ya mbuyu. Sababu nyingine ni ile ya vyeo tuliyoigusa mwanzoni: makala katika jarida humsogeza mhadhiri kuelekea uprofesa, ilhali mrejesho wa kijijini humsogeza kidogo sana au haumsogezi kabisa. Wizara ya Elimu imeanza kutoa tuzo za fedha kwa watafiti wanaochapisha katika majarida makubwa ya kimataifa, hatua inayostahili pongezi, na ingekuwa bora zaidi kama siku moja ingetolewa tuzo inayofanana na hiyo kwa mrejesho uliofanyika vizuri.

Kijiji kinaweza kujisaidia. Mtendaji anapopokea barua ya utambulisho, aandike katika kumbukumbu tarehe ambayo mtafiti ameahidi kurudi, na adai nakala ya muhtasari wa matokeo kwa Kiswahili. Kurasa mbili zinatosha.

Mbona matokeo huandikwa kwa Kiingereza?

Kwa sababu majarida mengi ya sayansi ni ya Kiingereza na wataalamu wa kuipima kazi wako duniani kote. Idara za Kiswahili huandika kwa Kiswahili hadi ngazi ya uzamivu, jambo linalothibitisha kwamba lugha inaweza. Kwa maoni yangu, utafiti kuhusu maji ya Dodoma usio na hata muhtasari wa Kiswahili haujakamilika, hata kama umechapishwa mahali pa heshima.

Je, Serikali hutumia matokeo, au tafiti zinajaza makabati?

Yote mawili hutokea. Vilima vya Irangi, Kondoa, vilikuwa vimeliwa na makorongo kiasi kwamba mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden, na mwaka 1979 ikaagiza mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika. Uoto ulirudi. Watafiti waliofuatilia kwa miaka mingi walionyesha pia upande wa pili, kwamba kaya zilizonyimwa ng'ombe zilipoteza maziwa, samadi na akiba, na kwamba shinikizo la mifugo lilihamia kwenye maeneo ya jirani. Baadaye ufugaji wa ndani uliruhusiwa kwa masharti. Profesa Idris Kikula, mmoja wa watafiti wa mmomonyoko huo, ndiye aliyekuja kuwa Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dodoma.

Funzo la kiutendaji ni kwamba sera ilitangulia, utafiti ukaisahihisha. Si lazima utafiti uwe mwanzo wa kila uamuzi, lakini ni lazima uwepo mtu anayebaki kupima baada ya sherehe za uzinduzi.

Utafiti wa mwanafunzi wa shahada una thamani yoyote?

Unayo, ikiwa ni wake. Mwanafunzi mmoja hapimi bonde zima, lakini wanafunzi wa miaka kumi wakipangwa na msimamizi mmoja kwenye swali moja wanaweza kufanya hivyo. Anayemlipa mtu amwandikie tasnifu hupoteza ujuzi aliokuja kuufuata, na anayebuni majibu ya dodoso akiwa bwenini humdanganya yeyote atakayetumia takwimu hizo, akiwamo daktari au mhandisi. Wahadhiri nao wana mtego wao: majarida ya kitapeli yanayochapisha chochote ndani ya wiki moja ilimradi ada imelipwa. Makala ambayo hakuna mtaalamu mwenza aliyeisoma kwa ukali haina uzito wa ushahidi.

Nina tatizo shambani, kwenye biashara au katika mtaa wetu. Nawezaje kulifikisha kwa watafiti?

Anza na afisa ugani au ofisa wa halmashauri anayehusika, kwa sababu huenda jibu tayari lipo Hombolo au Makutupora na huhitaji utafiti mpya. Likiwa halipo, andika barua ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili kwenda kurugenzi ya utafiti ya chuo, au kwa mkuu wa idara inayohusika, ukieleza tatizo lilianza lini, linaonekana wapi, watu wangapi wanaguswa, na nini kimeshajaribiwa. Kikundi cha wakulima au serikali ya mtaa husikilizwa haraka kuliko mtu mmoja. Omba jibu la maandishi, na uulize kama kuna mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada. Mara nyingi yupo, hasa kati ya Oktoba na Desemba, masomo yanapoanza na wasimamizi wakigawa wanafunzi.